Stima ya Jumapili

Swali la stima ya sola inayobaki lilianzia Kariobangi Light Industries, Nairobi, Jumapili moja ya Februari 2020, saa saba mchana. Karakana ilikuwa imefungwa. Misumeno kimya, randa kimya, vumbi la mbao limetulia sakafuni. Juu ya paa la mabati jua lilikuwa linachoma hata ukigusa ngazi unaruka. Chini, kwenye skrini ndogo ya inveta, kile kifaa kinachogeuza stima ya paneli iweze kutumika, nambari ilisoma wati 180. Hizo zilikuwa taa moja ya usalama na redio ya mlinzi.

Mzee mwenye karakana alivaa miwani, akainama, akasoma mwenyewe. Tulikuwa tumemwekea paneli 30 za wati 330, karibu kilowati 10, na siku za kazi zilikuwa zikimpa yuniti 40 na kitu.

"Msichana wangu, jana saa hii ilisoma elfu nane. Leo jua ni kali kuliko jana. Ile nyingine imeenda wapi?"

"Haijaenda popote, Mzee. Haikuzaliwa. Inveta ikiona hakuna anayetumia, inajibana."

"Inajibana." Alirudia neno hilo kama mtu aliyeonjeshwa chai isiyo na sukari. "Kwa hivyo Jumapili hizi paneli ni za kuanikia nguo."

Hapo ndipo nikasema neno ambalo limenigharimu kulieleza kwa miaka. Nilimwambia asijali, sheria ishapita.

Wakati huo nilikuwa na leseni ya T3, daraja la juu la mafundi wa sola chini ya kanuni za 2012, na nilijiona nimesoma. Sheria ya Kawi ya 2019 nilikuwa nimeisoma kwenye simu, ndani ya matatu, asubuhi kwa asubuhi kwenye msongamano wa Outer Ring. Kifungu cha 162 nilikijua kwa namba. Kinasema mteja mwenye mtambo wake usiozidi megawati 1 anaweza kuomba kuingia mkataba na msambazaji, ile stima inayombaki iingie kwenye laini na ahesabiwe. Mimi nikaona hapo kuna pesa za Mzee. Nikamwahidi kwamba mita ya kwenda na kurudi, jina nililoipa mwenyewe kwa sababu jina lake la Kiingereza halikumwambia kitu, itakuwa ukutani kufikia Desemba.

Ningesema tu kwa mdomo, ingekuwa nafuu. Nilikuwa nimeandika. Kwenye makadirio niliyompa kabla ya kazi kuanza kulikuwa na safu nzima ya stima ya kurudisha: yuniti za Jumapili zote, za sikukuu, za jioni baada ya vijana kufunga kazi, zote nimezizidisha kwa bei ile ile anayonunulia. Kwa hesabu hiyo paneli zingejilipa kwa miaka mitano. Ukiifuta ile safu, ni zaidi ya sita. Mzee alikopa SACCO kwa hesabu ya mitano.

Kanuni za kutekeleza kifungu hicho zilitoka 2024.

Nilichokiruka ni maneno machache tu, yale yanayosema mambo yatakuwa kama yatakavyowekwa kwenye kanuni. Fundi akifika hapo anapita haraka, anadhani ni mapambo ya mawakili. Kumbe sheria ya Bunge ni kama nyumba ambayo nyaya zimepitishwa ukutani lakini kisanduku cha mita hakijafungwa. Utabonyeza swichi mpaka kidole kiume. Kifungu kilisema naweza kuomba. Niombe kwa fomu gani, nani anunue mita, yuniti moja nikiipeleka nirudishiwe ngapi, mhandisi wa msambazaji akikataa nikamlilie nani: hayo yote yalikuwa bado hayajaandikwa.

Na kuandikwa kwake kuna safari. Mamlaka ya udhibiti wa kawi, EPRA, inatayarisha rasimu. Umma lazima uulizwe, kwa sababu Kifungu cha 10 cha Katiba kinataka wananchi washirikishwe, na hilo si la maonyesho. Juni 2019, mwaka ule ule wa sheria yetu, Jopo la Kitaifa la Mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliopangwa Lamu, na sababu mojawapo kubwa ilikuwa kwamba wakazi hawakushirikishwa inavyopaswa. Mradi wa mabilioni ukakwama kwa sababu ya mikutano isiyofanywa vizuri. Baada ya umma kuna Waziri kutia sahihi, kuna Gazeti Rasmi, halafu kuna Sheria ya mwaka 2013 inayohusu kanuni zote za namna hii: zifikishwe Bungeni ndani ya siku saba za vikao baada ya kuchapishwa, la sivyo zinakufa. Mimi nilikuwa nimemwambia Mzee Desemba.

Halafu korona ikaingia, na mikutano ya watu ikawa ndiyo kitu cha kwanza kupigwa marufuku.

Mwaka huo huo nilifunzwa kwa njia nyingine, fupi lakini chungu. Vifaa vya sola vilikuwa havitozwi VAT kwa miaka kadhaa. Sheria ya Fedha ya 2020 ikaondoa msamaha huo kwa vifaa vingi, na ya 2021 ikaurudisha. Mwaka mmoja tu. Katikati ya mwaka huo mimi nilikuwa na wateja watatu wenye bei nilizozitia sahihi kabla ya Julai. Serikali ile ile ilikuwa na sera ya kuhimiza sola, iko kwenye karatasi nzuri yenye picha. Sera ilitoka Wizara ya Kawi, ushuru ukatoka Hazina, na mimi nikatoka na hasara. Tangu hapo makadirio yangu yana tarehe ya mwisho, siku 30, kwa herufi nzito.

Turudi Kariobangi. Upande wa pili wa ukuta wa karakana kuna mama anayeuza maziwa kwa mashine, ile ya kuweka sarafu na kupeleka chupa. Friji yake inafanya kazi usiku na mchana, na alikuwa akilia kila wiki kuhusu tokeni. Siku moja ya 2021 Mzee alinipigia simu, furaha tele. Amepata dawa. Atatoboa ukuta, avute waya, Mama Maziwa achukue stima ya Jumapili na amlipe nusu ya bei.

"Mzee, hiyo hapana."

"Hapana ya nini? Waya hautoshi?"

"Waya unatosha. Leseni ndiyo huna."

Nilimweleza hivi: kuzalisha stima yako mwenyewe, kwa matumizi yako, chini ya megawati 1, hakuna anayekuuliza leseni. Ikishavuka ukuta na mtu akailipia, hiyo ni biashara ya kusambaza stima, na biashara hiyo ina leseni yake, tarifa yake iliyoidhinishwa, na adhabu yake.

"Ukuta ni mmoja!" Sauti yake ilinifanya nisogeze simu mbali na sikio. "Matofali ya nchi sita! Nikimpa maji ya tangi langu nitashtakiwa?"

Sikuwa na jibu la maji. Kukata simu hakungenisaidia pia, maana alijua ninapoishi. Wiki iliyofuata nilipita pale kukagua nyaya nikakuta friji kubwa jipya ndani ya karakana, kati ya rundo la mbao za mikaratusi na kitanda kisicho na vanishi. Mama Maziwa alikuwa akipanga mitungi. Mzee alikuwa amempangisha nafasi, futi nne kwa tatu, kodi kwa mwezi. Stima haikuvuka ukuta, maziwa ndiyo yalivuka. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mimi na vifungu vyangu tulikuwa tumeshindwa na seremala aliyeelewa kwamba kama sheria imechora mstari kwenye stima, basi usisogeze stima.

Sijui wakili angesema nini. Sikumuuliza yeyote.

Mwaka 2022 rasimu ya kanuni za mita ya kwenda na kurudi ilitolewa kwa maoni, na nikaenda kwenye mkutano mmoja, ukumbi wa hoteli mjini, chai na maandazi mlangoni. Nilikwenda nikiwa na hasira ya miaka mitatu na hotuba ya dakika tano. Rasimu ilikuwa inataka mteja apewe nusu tu: ukipeleka yuniti 10 kwenye laini, unahesabiwa 5. Niliona wizi wa mchana, na nikausema wizi huo kwa kipaza sauti. Watu wa sola wakapiga makofi.

Mhandisi mmoja mwenye mvi, aliyekuwa amefanya kazi ya kuongoza mitambo kwa miaka mingi, alinifuata wakati wa chai. Hakukasirika.

"Dada, wewe unatoka wapi?"

"Umoja."

"Soko lenu la nyanya msimu wa nyanya likoje? Debe linamwagwa, sivyo? Sasa wewe unaniletea nyanya zako saa saba mchana, siku ambayo kila mtu analeta nyanya. Halafu saa mbili usiku, soko limefungwa, watu wote wanapika, unakuja unasema nirudishie zangu, zile zile, kwa bei ile ile. Nani amezitunza?"

Nilimwambia nyaya zipo, si zimejengwa tayari. Akasema ndiyo, na nani analipia nyaya?

Kisha akanichorea kwenye kitambaa cha karatasi mchoro ambao nimeutunza mpaka leo, una doa la chai. Mstari wa matumizi ya nchi nzima kwa siku: chini kabisa saa tisa usiku, unapanda asubuhi, unatulia mchana, halafu kuanzia saa moja jioni unaruka juu kama mwewe. Chini ya mstari huo amechora mvuke wa ardhini wa Olkaria, ambao hauzimwi ovyo, usiku mwingine unaachiliwa tu hewani kwa kukosa wa kuutumia. Juu yake upepo wa Turkana, unaovuma zaidi usiku. Sola yangu mimi ilikuja pale mchana kwenye tambarare, mahali ambapo hakukuwa na njaa.

Lakini jambo lililonifanya nisimalize andazi langu lilikuwa mikataba. Mitambo mingi binafsi ina mikataba ya miaka 20 na msambazaji, na ndani yake kuna malipo ya kuwa tayari. Ni kama kukodi matatu ya kwenda mazishi: iwe imesimama chini ya mwembe au iko barabarani, mwenye gari analipwa siku nzima. Shamba la upepo la Ziwa Turkana, mashine 365, megawati 310, lilikuwa tayari kabla ya laini yake ya kilomita 428 ya kuja Suswa kumalizika. Laini iliwashwa Septemba 2018, na katika kungoja huko serikali ikawa inadaiwa fidia ya mabilioni kwa upepo uliovuma bure. Mkataba ulisema hivyo, na mkataba ni sheria kati ya waliotia sahihi. Sera inaweza kubadilika Jumatatu asubuhi. Sahihi ya miaka 20 haibadiliki.

Kwa hiyo kila karakana yangu moja ninayoipunguzia bili mchana, mhandisi alisema, yale malipo hayapungui. Yanahamia kwa walioachwa kwenye laini. "Na walioachwa," akaongeza, "hawana paa."

Mimi ninaishi ghorofa ya tatu, nyumba ya kupanga. Sina paa.

Usiku ule nilifungua ujumbe wangu wa tokeni na kwa mara ya kwanza nikautazama kama fundi anavyotazama kisanduku kilichoungua. Tarakimu 20 za kuingiza kwenye mita, yuniti, pesa ya tokeni, halafu makato mengine. Nikayatafuta makato hayo moja moja. Kuna gharama ya mafuta, inayotangazwa kwenye Gazeti Rasmi kila mwezi. Kuna marekebisho ya kubadilika kwa dola, kwa sababu mikataba mingi imeandikwa kwa fedha za kigeni. Kuna mfumuko wa bei. Kuna tozo ya mamlaka ya maji, kwa ajili ya mabwawa. Kuna ya EPRA yenyewe. Kuna asilimia 5 ya kupeleka stima vijijini, na VAT asilimia 16. Kila mstari una mzazi wake: mwingine sheria ya kodi, mwingine ya kawi, mwingine ya maji, mwingine mkataba ambao mimi sitauona. Hawajawahi kukaa meza moja. Wanakutana kwenye simu yangu, nikinunua tokeni ya shilingi 200.

Ndipo nikaelewa pia kisa cha punguzo la asilimia 30. Machi 2021 Rais Uhuru Kenyatta aliunda jopo chini ya John Ngumi kuchunguza mikataba ya kununua umeme, na jopo likaona njia ya kushusha bei kutoka shilingi 24 hadi 16 kwa yuniti. Siku ya Jamhuri ikatangazwa punguzo litakuja kwa awamu mbili, asilimia 15 kwanza na 15 baadaye. Ya kwanza ilikuja Januari 2022, wateja wangu wakaanza kuahirisha paneli. Ya pili ilitegemea wenye mitambo wakubali kupunguza mikataba yao. Haikuja. Aprili 2023 tarifa mpya zikaanza, bei ikapanda, na wale wa nafuu wakabaki wanaotumia yuniti zisizozidi 30 kwa mwezi. Walioahirisha wakarudi kunipigia simu, kila mmoja akidhani yuko peke yake.

Sasa jambo la Nairobi yenyewe, ambalo sikulitafuta, lilinipata puani. Februari 2025 nilikuwa natembea kutoka Ngara kwenda kwa muuza nyaya mmoja, nikakuta takataka zimemwagwa nje ya Stima Plaza, makao makuu ya kampuni ya umeme. Malori ya kaunti yalikuwa yamezishusha pale. Maganda ya ndizi, matumbo ya kuku, plastiki, nzi. Kampuni ya umeme ilikuwa imekatia kaunti stima kwa deni la zaidi ya shilingi bilioni 3. Kaunti nayo ikasema inadai karibu bilioni 5 kwa nguzo na nyaya kupita kwenye ardhi yake. Watu walikuwa wakipiga picha na kucheka. Mimi nilisimama nikiwa nimefunika pua kwa skafu, nikikumbuka Jedwali la Nne la Katiba.

Nendeni mkalisome. Kwenye orodha ya kazi za serikali ya kitaifa kuna sera ya kawi, pamoja na usambazaji wa umeme na gesi na udhibiti wa kawi. Kwenye orodha ya kazi za kaunti, chini ya mipango na maendeleo, kuna usambazaji wa umeme na gesi na udhibiti wa kawi. Maneno yale yale. Walioandika mwaka 2010 waliwapa wawili ufunguo mmoja. Halafu Sheria ya Kawi ya 2019 ikaja na kifungu cha 223, kinachozuia taasisi ya umma kutoza ada miundombinu ya kawi ya umma bila idhini ya Waziri. Kaunti inasoma Katiba, kampuni inasoma kifungu, na mama wa mboga pale kando anahamisha meza yake kwa sababu ya harufu.

Mteja wangu wa siku ile, wa flati Pangani, alikuwa ananisubiri juu ya paa lake kwa jambo lingine kabisa: hita ya maji ya sola ilikuwa haipashi. Kanuni za 2012 zilitaka majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku yaweke hita za jua. Hii ilikuwa nzuri, tangi safi, kioo hakina ufa. Nikafuata bomba kwa mkono hadi lilipoishia. Liliishia hewani. Mtu alilifunga kwa kifuniko cha plastiki na gundi, hita haikuwahi kuunganishwa na nyumba hata siku moja. Aliyeikagua alihesabu hita. Wapangaji walikuwa wakioga kwa maji ya koili miaka yote hiyo.

Nililipiga picha bomba hilo nikamwonyesha mteja, mwenye nyumba wa sasa, aliyenunua jengo akijua ana maji moto. Alitazama picha kwa muda. "Kwa hiyo hiki kilikuwa cheti," akasema.

Kwa Mzee nilirudi baada ya kanuni kutoka. Nilimpelekea karatasi mbili nilizoziandika kwa mkono, kwa Kiswahili, maana kanuni zenyewe ziko kwa Kiingereza na yeye hataki kusomewa kama mtoto. Nusu ilibaki kuwa nusu. Nilimchorea mstari wa mhandisi, saa saba mchana na saa mbili usiku, nyanya na soko. Nikamwonyesha pia ile safu ya makadirio ya 2020 na kumwambia kwamba lilikuwa kosa langu, si la serikali, kwa kuwa mimi ndiye niliyeizidisha. SACCO alikuwa amebakisha miezi mitatu.

Alisoma polepole, kidole kwenye mstari. Mama Maziwa alikuwa nyuma yetu akisugua mitungi, friji linanguruma.

"Na huyu," alisema akimwonyesha kwa kichwa, "ananilipa yote, si nusu."

"Ndiyo, Mzee. Anakulipa kodi ya nafasi."

"Ya nafasi," akakubali, bila kutabasamu.

Tulijaza fomu hata hivyo, kwa ajili ya zile Jumapili ambazo maziwa hayatoshi. Alitia sahihi kwa kalamu ya seremala, ikabidi nimpe ya wino arudie. Kisha akavua miwani na kuniuliza mita itakuja lini.

Safari hii sikutaja mwezi.